Dokta wa Kwenye Picha

Habari za Anisia usizichukue kwa watu wa Kambarage, mtaani kwake, maana wao huanzia mwisho. Watakwambia alifungiwa, alinyang'anywa, aliua mtu. Hakuua mtu. Alichofanya ni kutokuwepo, basi. Mtoto wa shule asipokuwepo anachapwa, lakini sisi watu wazima tunaliona jambo dogo.

Alikuwa mfamasia wa hospitali mjini Shinyanga. Kwao ni Ushirombo, kwenye nyumba ya Wakatoliki wanaosali rozari mpaka maharage yanaungua jikoni. Mpole, msafi, mtu wa kufuta kaunta ambayo imeshafutwa. Na vyeti vyake vyote vilikuwa halali. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akaniambia alikuwa kanjanja.

Sasa sikiliza mambo yanavyokwenda. Famasi haiwi famasi bila mfamasia msimamizi. Kanuni inataka cheti chake kitundikwe ukutani, picha yake ionekane, na mwenyewe awepo hapo dawa zinapouzwa. Lakini wafamasia ni wachache na famasi ni nyingi, na huko machimboni upande wa Geita msomi gani anataka kwenda kuishi na vumbi la karasha zinazosaga mawe mchana kutwa? Basi watu wakabuni ujanja: cheti kiende, mtu abaki. Mwenye duka anamtumia mwenye cheti hela kidogo kila mwezi, picha inaning'inia, maisha yanasonga. Wenyewe wanasema wameazimisha jina. Utawasikia hata harusini wanaulizana, "Lako umelitundika wapi?" kama watu wanaoulizana habari za shamba.

Anisia lake alilitundika kwa Sostenes, mwenye famasi kwenye senta moja ya wachimbaji, mbali na Shinyanga. Anisia alikuwa anajenga nyumba Ngokolo, hukohuko mjini, na aliyewahi kujenga anajua jinsi nyumba inavyokula. Alifika pale siku ya kutundika, akafika tena siku wakaguzi walipotangaza kuja. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawakuiona famasi ya Sostenes. Pale Anisia hakuwepo na lake lilikuwepo, tena ndani ya fremu ya kioo.

Nyuma ya kaunta Sostenes alimweka shemeji yake, Vumilia, mama wa watoto wawili. Mwanamke mwenye adabu, mwepesi wa bei, asiyejua dawa zaidi ya rangi ya boksi. Hakuna aliyemfundisha. Wa kumfundisha alikuwa ukutani anatabasamu.

Siku simu ilipopigwa, Anisia alikuwa stoo ya hospitali anapanga maboksi. Sostenes akamwambia kuna mchimbaji anaitwa Luka, mkewe alimnunulia dawa za maumivu ya mgongo pale dukani. Luka alikuwa na vidonda vya tumbo. Amezinywa, ametapika damu, amefia njiani akipelekwa hospitali. Anisia akauliza ni dawa gani. Akatajiwa. Kila mfamasia anajua kwamba dawa ile mwenye vidonda vya tumbo hapewi, ni somo la mwaka wa kwanza.

"Sawa," akasema, akakata simu, akaendelea kupanga maboksi.

Toka hapo akawa hivyo. Alikula, lakini chumvi hakuisikia. Alikwenda jumuiya, akaimba, akachangia msiba wa jirani, akarudi. Alijaribu kulia, machozi yakagoma. Alijiona mtu mbaya kwa sababu ya kutolia, na hilo nalo halikumuuma. Ganzi ilimshika mwili na roho, kama mtu aliyechomwa sindano ya kung'olewa jino na jino lenyewe halijang'olewa.

Ukaja wito wa Baraza la Famasi. Kamati ya nidhamu ingekaa Mwanza, naye aende akajibu kwa nini dawa ziliuzwa kwa jina lake bila yeye. Sostenes alifunga safari mpaka Kambarage, akaketi sebuleni, akanywa soda yote kabla hajafungua mdomo wa maana.

"Dada Anisia, hili jambo ni jepesi," akasema. "Wewe siku ile ulikuwepo. Ulitoka kidogo kwenda kula. Ulishamwambia Vumilia dawa ile asiiuze mpaka urudi, yeye akaiuza. Kwisha. Utapewa onyo, utarudi kazini. Ukisema vingine wanalifuta jina, na jina likifutwa huna hospitali, huna nyumba."

"Na Vumilia?"

"Nimeshaongea naye. Vumilia atapoteza nini, hana cheti."

Akili za Sostenes hizo. Mwanamke aende polisi kwa sababu hana karatasi ya kupoteza. Mimi ningemmwagia ile soda. Anisia alimtazama tu, akasema, "Sawa," akamsindikiza mpaka barabarani kama mgeni yeyote.

Chumba cha kamati kilikuwa na baridi ya kiyoyozi na meza ndefu. Mwenyekiti, mzee Edward, mfamasia mwenye mvi na sauti ndogo, akamsomea tuhuma, akamwambia aeleze. Anisia akaeleza. Nilikuwepo. Nilitoka kula. Nilikataza. Aliyasema kwa utulivu, kama anayesoma maelekezo ya kwenye chupa: kutwa mara tatu, baada ya chakula. Wajumbe wakawa wanaitikia kwa vichwa. Walionekana kumwamini, maana alikuwa na uso wa kuaminika, uso uleule wa kwenye picha.

Kisha akaitwa shahidi, Mbuke, mke wa marehemu.

Aliingia mwanamke mwembamba aliyejifunga khanga nyeusi, akavua kandambili mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avue. Akaangaza macho, yakamfikia Anisia, yakatua.

"Shikamoo, dokta," akasema.

Ulimi wa Anisia ukajibu wenyewe. "Marahaba."

"Kumbe ulirudi."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu aliyemwona mgeni wake aliyechelewa.

Mwenyekiti akauliza kama anamfahamu. "Namfahamu, mzee. Ndiye dokta wa kwenye picha." Akaeleza kwa Kiswahili chake cha nyumbani kwao, taratibu. Alimwambia mama wa dukani kwamba mume wake ana vidonda vya tumbo, je, dawa za mgongo atakunywa? Yule mama akasema yeye hajui hayo, anayejua ni dokta. Dokta yuko wapi? Akaonyeshwa picha ukutani, akaambiwa ametoka.

"Nikakaa kwenye benchi, nikamngoja. Watu wanakuja wananunua, wanaondoka, mimi nipo. Nikawa namtazama pale ukutani. Nikasema huyu ana sura ya huruma, atarudi. Mpaka jua likageuka. Luka akatuma mtu, anasema mgongo unamkata na kesho lazima aingie duarani, watu wa shimo lao wanamngoja. Ndipo nikazichukua hivyohivyo."

Mzee Edward akakohoa.

"Mama, dokta ametueleza kwamba alitoka kula tu, akarudi."

Mbuke akafikiri. Akahesabu kitu moyoni, ukaona midomo inatikisika. Halafu mabega yakamshuka.

"Basi tulipishana," akasema. "Basi kosa ni langu, mzee. Ningengoja kidogo tu."

Njia ya mwongo fupi, wanasema, lakini hii ya Anisia ilikuwa inaendelea. Uongo ulishapita kwa wajumbe, ukapita kwa Vumilia, sasa umefika kwa mjane na yeye anaufungulia mlango, anaukaribisha kwake ukae. Ataondoka nao. Atazeeka nao, akiamini kwamba mume wake alikufa kwa sababu yeye alikosa subira kwenye benchi.

Anisia akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame.

"Usingenipata, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Hata ungengoja mpaka leo usingenipata. Sikuwepo siku ile, wala siku ya kabla yake, wala ya baada yake. Nilikuwa Shinyanga. Vumilia sijawahi kumkataza kitu wala kumfundisha kitu. Pale ilikuwepo picha tu."

Mbuke alimtazama muda mrefu. Hakutukana, hakulia. Alijitanda khanga yake, akasema, "Haya," akaenda kuvaa kandambili zake.

Jina la Anisia likafutwa kwenye orodha ya wafamasia. Akaamriwa akitoe cheti akirudishe. Famasi ya Sostenes ikafungwa. Hospitali ikamwandikia barua ya kumwachisha kazi na yeye hakushangaa, na nyumba ya Ngokolo ikabaki bila bati mpaka leo, mbuzi wa jirani wanajikinga mvua kwenye varanda. Watu walimwita mjinga. Aliitikia.

Siku ya kutoa cheti alikwenda mwenyewe. Vumilia alimfungulia mlango bila kumwangalia, akatoka nje akakaa mbali. Ndani dawa zilikuwa zimeshabebwa, shelfu tupu, kaunta na benchi tu. Fremu ilikuwa juu. Ilibidi apande kwenye lile benchi ili aifikie. Hata hapo hakusikia kitu. Aliishusha, akaifuta vumbi, akaiweka kwapani.

Akasikia hodi. Mwanamke mjamzito, pakiti ya dawa mkononi, alikuwa kizingitini anaitazama alama nyeupe ukutani pale fremu ilipokuwa, kisha uso wa Anisia. Akatabasamu.

"Afadhali leo nimekupata, dokta. Kila siku naambiwa umetoka. Nilitaka kuuliza tu, hizi na mimba hii nitumie?"

Anisia akaziona dawa kwa mbali. Alilijua jibu. Alilijua kabla yule mama hajamaliza kusema, na kwa mara ya kwanza katika duka lile alikuwa amesimama mahali pake, akiwa hana ruhusa ya kumjibu mtu.

"Usizinywe kwanza. Nenda kituo cha afya ukaulize," akasema. "Mimi si dokta wa hapa."

"Dokta wa hapa ametoka?"

Anisia akaitazama fremu kwapani. Yule mama akaona hilo ndilo jibu, akashika kiuno, akashuka taratibu mpaka kwenye benchi.

"Hamna shida," akasema. "Nitamngoja."

Hapo ndipo ganzi ilipotoka, na ikitoka, jino ndipo linapouma. Anisia akaiweka fremu chini, akamshika yule mama mkono, akamwinua. Walikwenda pamoja mpaka kituo cha afya, na njia nzima Anisia alikuwa analia kwa sauti, na yule mama hakumwachia mkono wala hakumuuliza kuna nini.