Sufuria ya Shaba Iliyozama Lualaba

Bandari ya mto Lualaba ilikua haraka kuliko sisi watoto. Mwanzo palikuwa na majani na mitumbwi ya wavuvi tu; haukupita muda Wabelgiji wakajenga ghala la pamba, meli zikaanza kutia nanga, maduka ya mabati yakafuata, na kila mtu mjini Kasongo akataka mkate wa ngano na viatu vya ngozi. Mama yangu aliwapikia abiria wali na samaki katika sufuria kubwa ya shaba aliyorithi kwa bibi. Ndiyo sufuria ambayo mtaa wetu mzima uliiazima kwa harusi, maana kwetu wali wa wakwe hutoka chombo kimoja. Ukitoka viwili, watu husema nyumba imegawanyika kabla ya ndoa.

Mwenye duka la vitambaa, tuliyeswali naye msikiti mmoja, alichukia moshi wa jiko la mama. Hakuja kusema naye. Alikwenda kushtaki kwa mzungu wa serikali, na asubuhi yake polisi akaisukuma sufuria kwa buti mpaka mtoni, wali na vyote. Mwenye duka alitazama toka mlangoni, mswaki mdomoni. Nilimchukia siku ile na sijaacha.

Mvuvi wa Nyangwe alizamia akaitoa. Mama alimwomba anyamaze, akaificha chini ya kitanda, akaifunika mikeka.

Kisha binti wa mwenye duka akaposwa na watu wa Kabambare, watu wazito. Yule baba alikuwa amezama katika vitambaa vyake hata akasahau wali ungepikwa katika chombo gani. Alipokumbuka alikuja kwetu, akavua viatu, akaomba sufuria kwa sauti ya chini, maana alidhani tumekwisha kuitoa mtoni.

Mama alimpa chai kwanza.

“Sufuria iko mu maji, baba,” akasema. “Ni weye uliitia. Wende uiulize.”

Nilikuwa nimeketi juu ya kitanda kile kile, visigino vikigusa mikeka. Niliuma midomo nisicheke.

Wali wa harusi ulitoka katika visufuria vya kila namna. Wakwe walitazamana, wakanawa mikono, wakaondoka na bibi harusi bila kuonja. Watu husema binti hakuwa na kosa. Kweli, lakini mama yangu naye alikosa nini?

Sasa sufuria ninayo mimi. Namwazima yeyote mwenye harusi. Wajukuu wa duka lile wakija, nawapa chai, halafu nawaambia iko mu maji.