Sauti ya Kuitia Kuku

Mimi ni mpenzi wa waimbaji, ila mwenyewe siimbi. Kwaya ya kanisa lililo nyuma ya nyumba yetu hapa Boko ikianza mazoezi, mimi Muislamu na mtandio wangu naacha vyombo kwenye beseni, nasogea ukutani kuwasikiliza wale wanaume wa sauti ya nne wanaonguruma chini kabisa. Taarabu naipendea waitikiaji. Kaswida ndiyo usiseme.

Kaswida nimeikuta nyumbani. Tangu tulipokuwa tunakaa Temeke, mama yangu ndiye aliyekuwa muanzishaji wa kikundi chao cha akina mama. Yeye anatoa ubeti, wenzake wanaitikia, na kwao ilikuwa mwiko kumwacha muanzishaji hewani. Umekaukwa koo, una mafua, maadamu umekaa mkekani utaitikia. Nilipokuwa mdogo nilijipenyeza nami nikaitikia kwa nguvu zangu zote. Mama akasimamisha mazoezi, akageuka.

"Mwanangu, hiyo sauti ya kuitia kuku. Kashike chetezo."

Akina mama walicheka mpaka wakaegemeana. Kuanzia hapo kazi yangu ikawa kufukiza ubani na kusikiliza.

Siku hizi mama hanijui. Nasema hivyo bila kupamba kwa sababu nimechoka kupamba. Namwogesha, namlisha uji, namvalisha, halafu ananishukuru kwa adabu zote na kuniuliza, "Dada, kwenu wapi? Mama yako hajambo?" Mwanzoni nilikuwa nakimbilia jikoni kulia. Sasa namjibu tu kwamba hajambo, anakusalimia. Mgongo unaniuma, usingizi wangu wa mang'amung'amu, na ninachokitaka duniani ni kimoja: aniite mwanangu, hata mara moja, kabla hajaenda.

Mwaka huu kikundi chake kilikuja kutusomea maulidi uani kwetu, alasiri. Walikuja na spika na flashi. Kaswida zao walizirekodi studio wakati mama bado ana akili zake, na tangu hapo flashi ndiyo inayoimba. Wao wanavaa sare, wanayumba kwa mpangilio na kuchezesha midomo. Mpenzi wa sauti kama mimi inaniudhi kweli kweli. Lakini nimlaumu nani? Nao wamezeeka, vifua vimebana. Nikawaomba tu wamkalishe mama katikati yao, nikarudi nyuma na chetezo changu.

Sauti ya mama ikatoka kwenye spika, nyororo, imenyooka. Mama akatega sikio.

"Huyu nani anayeanzisha? Anajua huyu."

Akamwinamia wa kulia kwake, akasikiliza mdomo wake, kisha akamwinamia wa kushoto.

"Na nyie mbona mnafungua midomo tu?"

Akanyanyua mkono, ule ule wa kusimamisha mazoezi. Mmoja wao, kwa heshima au kwa aibu, sijui, akazima spika. Mama akakohoa kidogo, akaanzisha ubeti mwenyewe. Sauti ilikuwa imechakaa, lakini maneno yalikuwepo yote.

Alipofika mwisho akanyamaza kuwapisha. Hawakuitikia. Walikuwa wanatazamana, miaka ya flashi ilikuwa imewafutia kiitikio kichwani. Mama akabaki na mkono juu, anawangoja, na mimi sikuweza kuvumilia kumwona ameachwa hewani namna ile, nyumbani kwake. Nikaitikia. Peke yangu, kutoka nyuma, kwa sauti niliyopewa na Mungu. Ilikuwa mbaya. Naijua sauti mbaya nikiisikia.

Mama akageuka. Akanitazama muda mrefu, akiwa amekunja uso.

"Mwanangu," akasema, "hiyo sauti ya kuitia kuku. Kashike chetezo."

"Ninacho, mama," nikamjibu. "Nimekishika."