Kisogo cha Mwenye Hoteli

Hakuna aliyenifundisha kuchora. Tulihamia Garissa miaka ya tisini, mama yangu alipopewa uhamisho wa kufundisha huko, nami nikajifunza kwa kunakili kalenda za ukutani. Wenye bucha waliniamini kuchora vichwa vya mbuzi tu kwenye mabango yao, na siri ya mbuzi wangu ni kwamba wote walitazama upande. Macho mawili yalinishinda. Moja lilitoka kubwa, nikilirekebisha la pili linalipita, mwishowe mbuzi anaonekana kama amepokea habari za msiba.

Basi fikiria hali yangu mwenye hoteli wa karibu na stendi ya malori aliponiita nimchore yeye. Alikuwa mtu wa Kutulo, kule kaskazini kwa wafugaji, aliyeacha ngamia akaingia kwenye pilau. Huko Nairobi alikuwa ameona picha ya mwenye duka imetundikwa juu ya kaunta, naye akataka yake.

"Bicha kamili, fundi," aliniambia. "Mtu akiingia aisalimie kwanza, ndio ajue ni rangi."

Nilikubali kwa sababu sikujua kukataa. Nikiharibu, mji mzima ungekula ukitazama kosa langu, nami ningerudi kwa mbuzi wa upande maisha yangu yote.

Aliyeniokoa, nilidhani, ni mama yake. Bibi huyo aliswali katika chumba cha nyuma, na hakutaka uso wa mtu ukutani mwa nyumba anayoswalia. Walizungumza Kisomali kwa kirefu, lakini mwana alinitafsiria uamuzi tu: nimchore kwa nyuma.

Nilitoka pale nikitabasamu peke yangu njia nzima. Hakuna macho!

Kesho yake alisimama uani, amelaza fimbo mabegani nyuma ya shingo na kuning'iniza mikono juu yake, kama mfugaji anayetazama ngamia wake wakinywa maji. Kofia aliivua mwenyewe. Alijivunia nywele zake, akanisihi nisizipunje. Nikainua brashi, nikatazama, nikaishusha. Pale utosini palikuwa na uwazi mviringo kama kisahani cha chai, umetakata, unang'aa juani. Mwenyewe hakuwa na habari. Kioo cha hoteli kilimwonyesha mbele tu.

Nakiri kwamba uwazi ule ulinitesa kuliko macho yote ya mbuzi. Niliuchora, nikaingiwa na hofu, nikaufunika kwa nywele. Picha ikawa ya mwanamume mzuri sana ambaye hakuna anayemjua. Nikaikwangua rangi kwa wembe, nikaurudisha. Halafu, kwa kuwa siwezi kuacha kitu nusu, nikaongeza tone la rangi nyeupe ili ung'ae.

Siku ya kuitundika, wahudumu walitazama mara moja, wakakimbilia jikoni, na tukasikia sufuria zikigonganagongana kuliko kawaida. Mwenye hoteli hakucheka. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Hiyo kichwa si yangu," alisema.

Nikaanza kuomba radhi kwa kasi. Nilimwahidi nitamvisha kofia, nitamwongezea nywele, nitaanza upya kwenye ubao mwingine. Mama yake akatoka chumbani, tasbihi mkononi. Aliukaribia ubao mpaka pua ikataka kugusa rangi. Kisha akamwinamisha mwanawe, akampapasa utosi kama anayekagua tikiti maji sokoni, akarudi kuutazama ubao. Akasema maneno machache ya Kisomali. Mpishi, aliyekuwa amejibanza mlangoni, alinitafsiria kwa furaha aliyoshindwa kuificha.

"Anasema ni yeye. Anasema hata baba yake aliambiwa hivi hivi, akabisha."

Mwenye hoteli alipeleka mkono utosini polepole, akaupapasa mwenyewe. Mimi nilikuwa tayari nimeanza kukusanya brashi zangu, nikitafuta njia ya kutoka bila kumpita karibu.

Hapo akaingia dereva wa lori la maji la Dadaab, vumbi mpaka kwenye kope. Hakututazama sisi tuliokuwa tumesimama pembeni. Alielekea moja kwa moja kwenye kaunta, akainua macho ukutani.

"Asalaam aleikum, mzee. Mbona leo unatupa mgongo?"

Jikoni sufuria zikanyamaza. Mwenye hoteli alinitazama, mkono ungali utosini, akaitikia salamu kwa niaba ya ubao.