Harufu ya Mume Wangu Mlangoni

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele hapachekeshi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Buyenzi, wakati wa vita, na Mungu anaona.

Mume wangu, fundi wa magari, alikuwa amekwenda Kinama kutengeneza lori. Magharibi ikaingia, saa ya kutotoka nje ikafika, naye hajarudi. Siku zile askari wakimkuta mtu barabarani hawakumuuliza jina. Nilikaa gizani na binti yetu Zuhura, roho juu juu, mezani chupa ya asali ya kikohozi chake.

Mlango ukakwaruzwa.

"Baba Zuhura?"

Ukakwaruzwa tena. Lakini harufu yake niliipata: grisi na sabuni ya mche, ile ile ninayolala nayo. Ungekuwa wewe usingefungua?

Akaingia mtu mrefu nisiyemjua, koti la kahawia, tumbo la manjano lenye mistari myeusi. Alikwenda moja kwa moja kwenye asali, akainama, akaifyonza yote bila kuinua chupa. Alipogeuka, mgongoni nikaona fuvu la mtu, macho matupu yananitazama. Nikapiga kelele. Naye akalia, kilio chembamba kama cha panya, koti likatanuka likawa mabawa, na nondo mkubwa akatoka mlangoni. Niamini, nilijikojolea.

Nimefunga tu, harufu ikarudi. Ile ile! Nikauegemea mlango, nikaapa sifungui tena.

"Mama Zuhura, fungula! Ni mi! Basoda bako nyuma!"

Je, kama ni yule? Buti za askari nilizisikia zikikaribia.

"Sema tena!"

"Niseme nini? We mwanamuke, unataka baniuwe?"

Yule mgeni alijua kulia tu. Huyu alikuwa ananigombeza. Nikafungua.

Baadaye shemeji yangu, mfuga nyuki, aliniambia nondo huyo mwenye fuvu mgongoni huingia mzingani kuiba asali, na nyuki hawamgusi kwa sababu ananuka kama wao.

Tangu hapo mume wangu haingii nyumbani kimya. Huanza kusema tangu getini, hata akitoka chooni. Majirani wanatucheka, wacha wacheke. Juzi jioni mlango ulikwaruzwa, grisi na sabuni zikajaa chumbani. Mume wangu alikuwa amekaa kando yangu, amenishika mkono.

Basi nawe, mtu wako akija jioni, harufu isikutoshe. Mwache kwanza aseme.