Kilichopita Usoni kwa Mama

Mama alipougua nilikuwa nakaa Mwanza, nikifanya kazi ambayo sikuwahi kufanikiwa kumweleza. Mara ya mwisho nilipojaribu, kwa simu, aliniuliza, "Kwa hiyo wanakulipa kwa kutazama watu?" Nikacheka, nikakubali, maana ndivyo ilivyokuwa.

Tulikuwa tukiletewa video za nyuso za watu. Kompyuta ilizikata kuwa picha moja moja, ikaweka vinukta kwenye nyusi, kope, pua na pembe za mdomo, kisha ikapima kila kinukta kimesogea kiasi gani kutoka picha moja hadi nyingine. Ilitafuta yale yanayopita usoni upesi kuliko jicho linavyoweza kufuata: nyusi inayoinuka na kushuka kabla mwenyewe hajajua, mdomo unaobanwa na kuachiwa papo hapo. Sisi tulikagua. Hapa kweli pamesogea, hapa ni mwanga tu umebadilika; na palipo kweli, tuliandika jina la hisia: huzuni, hofu, maumivu. Tuliambiwa siku moja programu ile itawasaidia wauguzi kutambua maumivu ya mgonjwa asiyeweza kusema. Niliamini. Hata sasa naamini kidogo.

Dada yangu ndiye aliyenipigia. Ndoa yake ilipovunjika alirudi nyumbani, kijijini kwetu Kibimba, akawa anaishi na mama. "Mama ameanguka jikoni," alisema. "Anaongea, lakini si maneno." Nilipofika hospitalini, hata hayo yasiyo maneno yalikuwa yamekwisha. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wote wa kulia. Shavu lilining'inia, na jicho la upande ule lilitiririka maji mchana kutwa. Daktari alisema anasikia, ila yeye daktari hawezi kutuambia anaelewa kiasi gani.

Niliinama karibu na mto. "Shikamoo, Mama."

Alinitazama. Upande wa mdomo uliobaki mzima ulitetemeka, ukatulia. Maisha yangu yote sikuwahi kumwamkia mama akakosa kuniitikia. Nilibaki nimeinama nikisubiri marahaba, mpaka dada akanishika bega.

Tulimrudisha nyumbani kwa machela, vijana wa jirani wakipokezana kupanda naye mlima, kwa sababu gari haliwezi kufika kwetu. Pale ndipo tulipogundua shida kubwa kuliko zote. Tulimwuliza kama ana njaa, akaitikia kwa kichwa. Dada akaja na uji, mama akafumba mdomo. Tukamwuliza kama ameshiba, akaitikia vilevile. Unaumwa? Ndiyo. Huumwi? Ndiyo. Kichwa chake kilikubali kila kitu, kama vile kilikuwa kimebakiwa na njia moja tu ya kwenda.

Kisha kaka yetu mkubwa akaja kutoka Kaniha. Alihamia huko Biharamulo akiwa kijana, akitafuta shamba, akapata, akalima mahindi na tumbaku, akajenga nyumba nzuri karibu na barabara. Zahanati haiko mbali naye. Alisema anamchukua mama.

"Hapa akizidiwa, mtamfikishaje hospitali?" aliuliza. "Machela tena? Na mvua hizi?"

"Baba amelala pale kwenye migomba," dada akajibu. "Mama alishasema hataki kufa nchi ya watu."

"Kaniha ni nchi ya watu? Kwangu ni kwa watu?"

"Nani amemwuliza?"

Wote wawili walikuwa na haki, na mimi, kitindamimba, nilikaa katikati nikivunja vijiti. Ndipo kaka akanigeukia. "Basi tumwulize. Si huyu hapa mdogo wetu? Kazi yake si kuifundisha kompyuta kusoma uso wa mtu?"

Niliweka vijiti chini. "Kaka, ile haisomi moyo."

"Inasoma nini?"

"Inaona uso umesogea. Basi."

"Basi na tuone umesogea wapi," alisema. Hakuwa na kejeli. Alinitazama kama mtu anayetazama daktari. Dada naye, ambaye hakukubaliana naye kwa lolote siku ile, alisema taratibu, "Jaribu tu, mdogo wangu. Huenda."

Asubuhi tulimtoa mama nje, tukamwegemeza kwa mito ukutani ambapo mwanga ulikuwa sawa pande zote. Nilisimamisha simu juu ya kigoda mbele yake. Dada alipiga magoti pembeni, akamsemesha kwa Kihangaza, lugha aliyotulea nayo. Kwanza alimwambia habari za kawaida, mbuzi, jirani aliyejifungua. Halafu akamwuliza: Mama, uende na mwanao Kaniha? Akanyamaza kidogo, kama nilivyomwelekeza. Halafu tena: Mama, ubaki hapa kwako?

Sisi tuliomtazama hatukuona kitu. Kichwa kilikubali mara zote mbili.

Niliiwasha ndani kompyuta ya kazini niliyokuja nayo, ikinyonya umeme wa sola, kaka na dada wakiwa wamesimama nyuma ya kiti changu. Programu ilianza kwa kumwita mama mwenye huzuni. Huzuni mwanzo hadi mwisho, hata kwenye habari za mbuzi. Ilikuwa imeliona lile shavu lililolegea na kulifanya hisia. Haikuwa imefundishwa kwa nyuso za namna ile. Ninajua, kwa kuwa nilikuwa mmoja wa waliokagua mafunzo yake. Nikafuta vinukta vyote vya upande wa kulia, nikaacha nusu ya mama iliyo hai.

Kwa nusu uso programu haikutaja tena hisia, ikabaki kuchora mstari wa mwendo tu, nao ukatulia. Ulikwenda bapa kwenye mbuzi, bapa kwa jirani. Dada alipotaja Kaniha, ukaruka.

"Hapo!" kaka alisema.

Nilirudisha picha, nikazipeleka moja moja. Nyusi ya kushoto ilipanda. Pembe ya mdomo ikavutwa nyuma, kope ikakaza, na yote yakafutika kabla dada hajamaliza neno. Kwenye swali la kubaki nyumbani pia palikuwa na mruko, mdogo zaidi, nyusi peke yake.

"Ametabasamu," kaka alisema. Sauti yake ilikuwa imelegea. "Mama ametabasamu aliposikia kwangu."

"Huko si kutabasamu," dada akasema. "Ameshtuka. Tazama jicho. Ndivyo anavyofanya akichomwa na mwiba."

Wakanigeukia. Nikairudia. Nilikuwa nimetazama nyuso ngapi sijui, za watu nisiowajua, na kila moja nikaipa jina na kuendelea na nyingine. Huu ulikuwa uso ulioniamsha kila asubuhi ya utoto wangu, na sikuweza kuupa jina.

"Kuna kitu kimepita," nilisema.

"Kitu gani?"

"Sijui, Kaka."

"Na hiyo mashine?"

"Nayo haijui. Inajua tu kimepita."

Dada alitoka nje, akaenda kumfuta mama jicho.

Kaka alimchukua. Hakukuwa na ushindi. Alikuwa mkubwa, alikuwa na gari la kukodi linalomsubiri barabarani, na mvua ilikuwa imeanza. Nilikaa kiti cha nyuma kichwa cha mama kikiwa mapajani mwangu. Tulipita Lusahunga, msitu ukatuzunguka, malori yakitupita. Jicho lake la kulia lilitoka maji njia nzima. Lilikuwa likitoka maji siku zote. Nilifuta, likajaa, nikafuta.

Kaniha walimtunza vizuri, lazima niseme. Shemeji yangu alimwogesha, akamgeuza, akamlisha kwa kijiko. Mwanzoni alikula. Baadaye akaanza kufumba mdomo. Kaka alinipigia, akaniambia nije na kompyuta. Nilienda nayo. Nilimrekodi mara nyingi nikimsemesha yote niliyoyajua, nikimtajia Kibimba, nikimtajia baba, na mstari ulikwenda bapa tu, kama maji ya bwawa.

Kabla sijaondoka mama alisema neno. Tulikuwa wote chumbani, mchana, na sauti ikatoka, nene, lakini neno kamili. "Amazi." Maji. Shemeji alikimbia na kikombe, kaka akamwinua. Mama alifumba mdomo. Tulijaribu kwa kijiko, kwa kitambaa kilicholowa, tukaleta ya moto na ya baridi, hakuyataka. Hakusema kitu kingine tena. Wiki haikuisha, akafariki.

Tulimrudisha Kibimba, tukamzika kwenye migomba kando ya baba. Dada na kaka walisimama pande mbili za kaburi padri akisoma. Watu walipotawanyika, kaka alibaki amekaa kwenye benchi la kuazima, kofia mkononi.

"Siku ile," aliniambia, "alitabasamu, siyo?"

Nilitamani kusema ndiyo. Lingenigharimu nini? Lakini dada alikuwa karibu anakusanya sahani, na mikono yake ilikuwa imesimama.

"Sijui, Kaka," nilisema. "Kweli sijui."

Aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia. Kisha akainuka, akamsaidia dada kubeba masufuria hadi kisimani, na sikusikia walichozungumza huko.