Ukoka wa Chaani

Hata leo nikifumba macho naisikia ile chwaa, chwaa, chwaa, fagio la chelewa likikwaruza mchanga kabla jua halijatoka. Mfagiaji alikuwa Shangazi Kadzo aliyenilea, na kwake uwanja usiofagiwa ulikuwa sawa na uso usiooshwa. Mimi mkekani nilijiwazia kwamba anaifagia dunia nzima, na akishamaliza kwetu Chaani atapanda kuyafagia mawingu.

Ilikuwa miaka ya arubaini, vita vya wazungu vikielekea kwisha, na akina mama wa kanisani kwetu walikuwa wameanzisha chama cha bustani. Kando ya nyumba za wafanyakazi wa reli palikuwa na kiwanja kitupu, cha mchanga na upepo. Bwana shamba wa mji aliwaambia waziwazi: mvua zikiisha akikuta majani yameota, patakuwa pa watu wote kupumzikia, akikuta mchanga, patamwagwa makaa ya treni. Basi wakajitolea, huyu na jembe lake, yule na mikono yake tu. Mama Akinyi, jirani yetu wa kutoka bara, alichukua gunia akaenda nyuma ya stesheni kung'oa ukoka, akaukata vipande, na Ijumaa jioni akavipanda kiwanja kizima. Vilikuwa vijiti vya kahawia, ungeapa vimekufa.

Jumamosi alfajiri shangazi alitangulia, apasafishe kabla wenziwe hawajafika. Tulipofika sisi, mchanga ulikuwa mweupe, una mistari ya fagio, na pembeni moshi mwembamba ukipanda.

"Hata sindano ikianguka hapa utaiona," shangazi akasema, kajishika kiuno.

Mama Akinyi alitazama chini muda mrefu. "Dada, nilivyopanda jana viko wapi?"

"Vile vikavu? Nimevichoma, mwenzangu. Nilidhani ni makombo ya mbuzi."

"Basi umechoma bustani."

Shangazi, macho yakiwa chini, akasema, "Na wewe, mama, unapandaje takataka bila kuniambia?" Mama Akinyi akacheka mpaka akakaa chini, na wote tukacheka, ingawa mvua zilikuwa zimeshaanza na siku zilikuwa zinakwenda.

Siku hiyohiyo walirudi nyuma ya stesheni, na gunia kubwa kuliko yote alilibeba shangazi. Tangu hapo kila alfajiri alikwenda pale mikono mitupu, bila fagio, akasimama tu akiwafukuza mbuzi. "Viganja vinaniwasha," alikuwa akiniambia, "lakini nitavumilia." Mvua ikanyesha taratibu, na vile vijiti vikatoa vidole vya kijani. Bwana shamba aliporudi alikuta mabaka mabaka tu, kama mikeka iliyotandikwa huku na huku. Akazunguka, akainama akagusa, akasema, "Haya, endeleeni." Makaa yakapelekwa kwingine.

Siku hizi naona bustani za mjini zikikatwa na watu wa mshahara, na kibao kimesimama kukataza watu wasikanyage. Ni nzuri, sikatai, ila napita tu. Ile yetu ilikuwa na mabaka, nasi tuliijua baka kwa baka. Jioni ya siku ile aliyopita bwana shamba, akina mama waliporudi majumbani wakiimba, mimi nilibaki nyuma. Nikachagua baka lililo nene kuliko yote, nikalala chali, na ukoka ukanitekenya shingoni mpaka nyota zikatoka.