Seva Haipumziki Jumapili

Saa moja kasoro robo asubuhi, Paskazia Maige anavua viatu mlangoni na kuingia chumba kidogo nyuma ya maabara. Kabla hajamsalimia binadamu yeyote, anaisalimia seva. Anaweka kiganja juu ya sanduku lake la kijivu, kama mama anayepima homa ya mtoto. Inanguruma vizuri. Anatabasamu.

Hapa ni kiwanda cha minofu ya sangara kando ya ziwa, Ilemela, mwaka 1998. Ndege ya mzigo inaondoka saa sita mchana, na leo Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya mwezi mmoja aliopewa na meneja wake, Bwana Luhaga. Kompyuta zikishindwa kuzifikia faili za pamoja leo, kila idara itarudia disketi zake, na Paskazia atarudi alikotoka: kwenye meza ya kupimia samaki, gambuti miguuni.

"Sina wasiwasi," anasema akivuta kiti. "Wasiwasi niliumaliza Jumatatu ile."

Jumatatu ile ina kisa chake, ila tuanzie mbali kidogo.

Paskazia, mwenye umri wa miaka 41, ni mzaliwa wa Magu. Alikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma mjini Mwanza hadi mwaka 1993, walipopunguzwa watu sitini kwa siku moja. Kiinua mgongo kilikwisha kabla pacha wake, Kulwa na Doto, hawajamaliza darasa la tatu. Akaomba kazi yoyote kiwandani, akapewa mizani.

"Nilitoka kwenye taipureta nikaingia kwenye magamba," anacheka. "Jirani zangu pale Pasiansi walijua nimefika hata sijabisha hodi."

Karani mmoja wa ofisini alipougua, mtu akakumbuka vidole vya Mama Kulwa. Hakurudi tena kwenye mizani.

Alichokikuta ofisini kilimshangaza. Mapokezi, maabara na usafirishaji, kila idara ilikuwa na kompyuta yake na orodha yake ya mzigo. Orodha zilisafiri kwa disketi, mkononi, ngazi juu ngazi chini. Alizihesabu disketi hizo: arobaini na tatu. Asubuhi moja mtu alibeba disketi ya jana, na cheti cha maabara kikataja makasha ambayo usafirishaji walishayaondoa. Gari likazuiwa uwanja wa ndege, ndege ikaruka bila mzigo.

"Tani nne," anasema, na uso unabadilika. "Nililia. Nimekaa kwenye mizani, najua tani nne ni mikono ya watu wangapi."

Wakati huo seva ilikuwepo, ikiendeshwa na mfumo uitwao Unix, lakini ilitunza orodha ya wafanyakazi tu. Yenyewe na kompyuta za mezani hazikuelewana, kama Msukuma na Mjaluo waliokutana mnadani bila Kiswahili. Antoni, fundi kutoka Dar es Salaam aliyeifunga, alimwachia Paskazia CD yenye programu ya bure ya kuzipatanisha, pamoja na kitabu kinene cha Kiingereza. Akakisoma kwa miezi mitano, kamusi pembeni.

Mwisho wa yote, kila kompyuta ikaonyesha diski mpya iliyoitwa M. Kumbe diski yenyewe imo ndani ya seva. Orodha ikawa moja: maabara wakiirekebisha, usafirishaji wanaiona hiyohiyo, bila mtu kupanda ngazi.

Bwana Luhaga alikubali kwa shingo upande. "Ikikwama siku moja tu, tunarudi kwenye disketi," alisema, akigonga mfuko wa shati alimoweka disketi yake mwenyewe.

Ikakwama. Jumatatu hiyo M haikuonekana kwenye kompyuta hata moja. Paskazia alikimbilia chumbani akaikuta seva kimya, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Mlangoni alisimama mlinzi, Mzee Masalu, aliyekuwa fundi wa injini za boti kwa miaka ishirini.

"Shikamoo mzee. Nani kaizima hii?"

"Marahaba mwanangu. Ni mimi, tangu Jumamosi. Nimeikuta inanguruma yenyewe, hakuna mtu. Injini isiyopumzika inakufa. Nikaifunika na vumbi lisiingie."

Mzee wa watu alikuwa anasubiri kushukuriwa.

Seva iliyong'olewa waya ghafla haiamki hivihivi. Lazima kwanza ijikague diski nzima. Ilijikagua kwa saa moja na dakika arobaini, Bwana Luhaga akiwa amesimama mgongoni mwa Paskazia. Faili zilirudi zote, na mzigo uliiwahi ndege kwa mbinde.

"Nakupa mwezi mmoja," alisema meneja. "Ikizimika tena, mizani inakungoja."

Paskazia angeweza kumchongea mzee. Badala yake alimshika mkono, akampeleka chumba cha baridi kinachohifadhi minofu.

"Mzee, hapa Jumapili huwa tunapazima papumzike?"

"We! Utaozesha samaki!"

"Basi na ile seva ni chumba cha baridi. Mafaili ndiyo samaki wake."

Mzee Masalu akakuna kidevu. Kisha akauliza: "Sasa kwa nini mmeichomeka kwenye umeme wa ofisi, wakati chumba cha baridi kina jenereta?"

Paskazia anakiri kwamba kitabu chote kile hakikuwa kimemuuliza swali hilo. Wiki hiyohiyo walivuta waya kutoka kwenye jenereta hadi kwenye seva, kompyuta moja na mashine ya kuchapia, wakaweka na betri ya kuzishikilia mpaka jenereta iwake. Tangu siku hiyo umeme umekatika mara kumi na moja. Seva haijazimika hata mara moja.

Saa nne na nusu, umeme unakatika mara ya kumi na mbili. Skrini za idara zote tatu zinazimika. Betri inaishikilia seva, jenereta inakohoa, inashika. Kwenye ile kompyuta moja ya jenereta Paskazia anafungua M, orodha ya leo imo kama maabara walivyoihifadhi, anaichapa na kumkabidhi dereva.

Bwana Luhaga anaingia. Anaitazama seva, kisha karatasi mkononi mwa dereva anayetoka. Anatia mkono mfukoni mwa shati na kutoa disketi yake, imechakaa pembe zote.

"Niwekee na hii humo, Mama Kulwa."

Paskazia anaipokea kwa mikono miwili. Mlango unapofungwa ndipo anajipangusa macho kwa upande wa khanga.

Kuna jambo bado linamkera. Kibanda cha mizani kiko hatua mia mbili na kumi na mbili kutoka hapa, amezihesabu mwenyewe, na rafiki yake Ajwang bado anaandika uzito kwenye daftari lililolowa. Saa za chakula anamfundisha kuchapa. Vidole vimekakamaa kwa barafu, anasema, ila vina akili.

"Mimi nilitoka mizani nikaifuata kompyuta," anasema. "Sasa nataka kompyuta iende mizani. Mwakani waya utafika."

"Na upite kwenye jenereta!" anadakia Mzee Masalu kutoka mlangoni.